Chaki ya Mzee Zakaria

Nyinyi vijana mnaokagua shule siku hizi, nawaona mkipita hapa Bariadi na pikipiki zenu, mkoba mgongoni na simu mkononi, na mnarudi kabla chai yangu ya jioni haijapoa. Siwalaumu. Barabara zipo na mafuta mnapewa. Lakini juzi mmoja wenu alikuja kunisalimu, akajisifu kwamba amemaliza shule nne kwa siku moja, nami nikamuuliza choo cha shule ya tatu kina milango mingapi. Akacheka, akadhani namtania. Basi kaeni kidogo. Nitawaambia tulivyoifanya kazi hii kwa baiskeli, na kwa nini hadi leo nikiona chaki kwenye mkono wa mtoto moyo wangu hunienda mbio.

Mimi nilikuwa supavaiza wa shule. Ndivyo tulivyoitwa miaka ile ya hamsini, Waafrika wachache tuliopewa baiskeli na kofia ngumu, tukaambiwa tuwe macho ya serikali mashuleni. Bariadi ilikuwa chini ya Maswa wakati huo. Leo ulikuwa Nyashimo kwenye harufu ya samaki, wiki ijayo uko Lingeka unakula vumbi la ng'ombe, na katikati ni pancha, pancha, pancha. Niliingia kazini kijana mbichi, nikijiona najua kila kitu. Kisha nikawekwa chini ya Mzee Zakaria.

Mzee Zakaria alikuwa supavaiza mkubwa wetu, mtu mwembamba aliyevaa koti hata jua la saa saba, na koti hilo lilikuwa na mfuko mmoja uliojaa chaki. Alinifundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha serikali. Usianze ofisini, alisema, kwa sababu ofisini utaoneshwa. Anza chooni, kule hakuna aliyejiandaa. Tazama njia ya kuingia shuleni: watoto wanaokuja kila siku hawaachi majani yaote katikati ya njia. Tazama vidole vya mwalimu kama vina chaki, kabla hujatazama daftari zake. Na usile kuku wa mwalimu kabla hujakagua, maana kuku akishaingia tumboni huwezi tena kuandika kwamba mwenye kuku ni mlevi. Hili la mwisho nililivunja mara moja tu, na kuku mwenyewe alikuwa mgumu.

Na chaki? Chaki ilitokana na binti mmoja wa kule ziwani. Miaka ile shule iliishi au kufa kwa idadi ya watoto. Wakiwa wachache kuliko ilivyoagizwa, shule inafungwa, na mwalimu anakwenda zake. Kwa hiyo walimu waliazimana watoto kama watu wanavyoazimana sufuria za harusi. Siku moja tulikagua shule karibu na Nyashimo asubuhi, tukala njiani, tukafika shule ya pili mchana, na yule binti wa mstari wa mbele tuliyemhesabu asubuhi alikuwa ameketi pale pale mstari wa mbele, anatafuna dagaa. Akatuamkia vizuri sana, kama watu tunaofahamiana. Mimi niliangua kicheko. Mzee Zakaria hakucheka. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyemhesabu alimchora mstari wa chaki kwenye mkono wa kushoto, asihesabiwe mara mbili. Akaisifia njia hiyo kila mahali, mpaka wakubwa wake wakaipenda.

Sasa twende Mwagindu. Hilo si jina la kweli la kijiji kile. Nimelificha kwa sababu wajukuu wa watu nitakaowataja wapo, na wana midomo.

Mwagindu kulikuwa na mwalimu aliyeitwa Lubinza. Mrefu, mpole, sauti yake ya chini hata watoto walilazimika kunyamaza ili wamsikie, nami nadhani hiyo ndiyo ilikuwa siri ya nidhamu yake. Shule ile aliianzisha mwenyewe kwa miti na nyasi kabla serikali haijajua kwamba kuna kijiji pale. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichobebwa kutoka stesheni ya Malampaka. Kosa lake lilikuwa moja: hakuwa na cheti cha ualimu. Walimu wa aina yake waliachwa waendelee pale walipo, lakini shule ikifungwa hawapangiwi nyingine. Ana mke, ana watoto, mvi zimeanza, na hajui kazi nyingine ila ile.

Shule yake ilikuwa imeshaonywa kwa upungufu wa watoto. Ikaja taarifa kwamba Alhamisi Afisa Elimu wa Jimbo mwenyewe, Mzungu, atafika kuhesabu, na mahudhurio yakiwa pungufu hatasubiri mwaka mwingine. Mzee Zakaria na mimi tukatangulia Jumatatu.

Tukakuta watoto wamejaa. Pamba ilikuwa imeshavunwa, na Lubinza alikuwa amepita kaya kwa kaya akiwaomba wazazi. Walitosha, na wachache wakazidi. Mzee Zakaria akatoa chaki akawachora mmoja mmoja, nao wakafurahi, wengine wakaomba mikono yote miwili. Walipotawanyika kwenda nyumbani Lubinza aliketi kwenye ngazi ya darasa, akavuta pumzi ndefu, akatuambia leo atalala usingizi. Niliona raha kumtazama.

Jumanne asubuhi aligonga reli yake. Hakuja mtu. Akagonga tena, kwa muda mrefu, na ile sauti ikaenda mbugani ikarudi. Mzee Zakaria akatoka nje na kikombe chake cha chai, akaiangalia njia. Njia nyeupe, haina majani, na haina mtoto.

Aliyekuja ni mwanangwa, kiongozi wa kijiji aliyewekwa na mtemi. Alikuwa anacheka hata baiskeli inamyumba, akatuamkia kwa Kisukuma.

"Walimu, mwangaluka. Mmefanya nini nyinyi? Mmewapaka rangi watoto wa watu."

Hapo ndipo tulipoelewa, na chai ya Mzee Zakaria ikamwagika. Miezi michache nyuma serikali ilikuwa imeagiza watu wapunguze mifugo. Makarani walipita kila zizi wakihesabu ng'ombe, na wale waliotakiwa kwenda mnadani walipakwa rangi nyeupe ubavuni. Sasa mama amesimama mlangoni jioni, anaona watoto wake wanarudi kutoka kwa watu wa serikali, wamehesabiwa, na kila mmoja ana mstari mweupe mwilini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Usiku huo huo watoto wote walitolewa pamoja na mifugo, wakapelekwa malishoni ng'ambo ya mto Duma.

"Msihangaike," mwanangwa akasema. "Nina askari wa mtemi wawili. Mzazi asiyeleta mtoto anatoa mbuzi. Kesho kutwa mtakuwa nao wote hapa."

"Hapana, Mwanangwa," Lubinza akajibu. "Usiwatume."

"Kazi inayopotea ni yako, Mwalimu, siyo yangu," Mzee Zakaria akamwambia, na alisema kwa ukali kwa sababu alikuwa ameogopa.

"Najua, Mzee. Lakini mtoto aliyeletwa kwa kamba hukaa darasani anautazama mlango. Nitamfundisha nini?"

Tukaamua kwenda kwa Mzee Shigela. Huyo alikuwa na kaya kubwa kuliko zote, wana na wajukuu wake peke yao walijaza madawati ya nyuma, na akitoa neno wengine hufuata. Tulimkuta mchana, amekaa kivulini pa nyumba yake anasokota kamba ya ngozi. Zizi lake lilikuwa tupu kabisa. Lubinza alichuchumaa akamsalimu kwa heshima zote.

"Mwadila, bhabha."

"Mwadila, Mwalimu. Umekuja na wenye chaki."

Mkewe, bibi mmoja mnene aliyeitwa Ng'wasi, akatuletea maji na michembe ya viazi vikavu, akaketi hapo hapo asikilize. Mzee Zakaria akaanza hotuba yake ya Kiswahili kuhusu faida za elimu. Mzee Shigela aliisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusokota. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa alimjua baba yangu, akasema kwa Kisukuma:

"Makarani walikuja hapa kuhesabu ng'ombe. Nikauliza ya nini, wakasema tunataka kujua tu. Nikawapa maziwa. Wakatoa rangi. Nikauliza rangi ya nini, wakasema tusije tukahesabu mara mbili. Mwezi haukwisha, waliopakwa wakaenda mnadani. Sasa wewe, ng'wanone, mwanangu, niambie. Hiyo chaki ya nini?"

"Tusije tukahesabu mara mbili," nikajibu.

Nilisikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu na nikatamani kuyameza. Ng'wasi akapiga makofi mara moja, taratibu, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Watoto hawauzwi, mzee," Mzee Zakaria akasema.

"Mdogo wangu alihesabiwa," Mzee Shigela akamjibu. "Wakamvua shati wakampima kifua. Akaenda kwenye vita vya Wazungu. Kaburi lake liko wapi, wewe unajua?"

Mzee Zakaria akainamisha kichwa. Ukweli ni kwamba mimi nilimuunga mkono yule mzee moyoni. Ningekuwa yeye ningewavusha wangu mito miwili.

Lubinza ndiye aliyeongea, na hakubishana naye hata kidogo.

"Bhabha, sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuaga. Watoto wasipoonekana Alhamisi shule inafungwa, nami naondoka."

Kamba ikasimama. "Unakwenda kufundisha wapi?"

"Sipangiwi tena. Nitarudi kwetu nikalime."

Mzee Shigela akamtazama mkono wa kushoto, kisha wa kulia. "Nani amekupaka wewe?"

"Hakuna aliyenipaka."

"Sasa unaondokaje?"

Mzee Shigela akarudi kwenye kamba yake. Tulipoinuka kuondoka Ng'wasi akamuuliza Mzee Zakaria swali: huyo Mzungu anayekuja kuhesabu, yeye naye huhesabiwa?

"Huhesabiwa na wakubwa wake," Mzee Zakaria akasema.

"Kwa chaki?"

Tukaaga tukaenda zetu. Hatukupewa ahadi yoyote.

Vijana, Jumatano ile siisahau. Lubinza alifagia shule yote peke yake, akaingia darasani akaandika ubaoni masomo ya siku kama kawaida, herufi zake nzuri zile, mbele ya madawati matupu. Mzee Zakaria hakula. Mwanangwa alikuja tena na askari wake wawili wamevaa tayari, akasema neno letu moja tu linatosha awatume. Mzee Zakaria alimtazama Lubinza dirishani kwa muda, akawaambia askari wakae kivulini wanywe maji. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Nilisikia chaki zikivunjika humo ndani.

Alhamisi Afisa alifika mapema kuliko tulivyotegemea, Landrova yake imejaa vumbi mpaka kwenye vioo. Alikuwa mtu wa maneno machache, uso mwekundu, Kiswahili chake cha kitabuni kilichonyooka kuliko chetu. Alitusalimu, akaingia darasani, akatoka.

"Zakaria, watoto wako wapi?"

"Wanakuja, Bwana."

Sikuwahi kumsikia Mzee Zakaria akisema jambo asilolijua. Kiti kikaletwa, Afisa akakaa, akavua kofia akaiweka gotini. Mke wa Lubinza akaleta chai. Jua likapanda. Lubinza alisimama karibu na reli yake na wala hakuigonga.

"Itazame njia, Bwana," Mzee Zakaria akasema mwishowe. "Njia ya shule hii haina majani. Watoto huja."

"Njia haisomi, Zakaria," Afisa akasema, akaanza kuvaa kofia.

Alikuwa ameshainuka tulipoona vumbi upande wa Duma. Kwanza nilidhani ni kimbunga cha mbugani. Kisha nikasikia njuga, na kundi la kwanza la ng'ombe likatokea, na nyuma yake la pili, na la tatu, na katikati ya makundi yote, kila mmoja na fimbo yake, walikuwa watoto wa Mwagindu. Baadaye tulisikia kwamba Mzee Shigela ndiye aliyetuma neno ng'ambo ya mto. Kwa nini na ng'ombe? Kwa sababu hakuna aliyekubali kuwaacha ng'ombe bila mchungaji wala watoto bila wazazi, basi kijiji kizima kikahama na kila kitu chake. Uwanja wa shule ukajaa. Bustani ya viazi ya shule, ambayo nilikuwa nimepanga kumwonesha Afisa, ikaliwa mbele ya macho yangu.

Mzee Shigela alitangulia, Ng'wasi ubavuni mwake. Alisimama mbele ya Afisa, akasema maneno machache ya Kisukuma, akasubiri nitafsiri.

"Anasema watoto ni hawa," nikasema. "Anasema wahesabiwe. Lakini kabla hajapakwa mtoto, aanze mkubwa."

"Mkubwa yupi?"

Ng'wasi hakusubiri tafsiri, alimwonesha Afisa mwenyewe kwa kidevu.

Mwanangwa akafumba macho. Mnapaswa kuelewa siku zile zilivyokuwa. Afisa angeweza kuona ametukanwa, akapanda gari lake, na hapo shule imekwisha, Lubinza amekwisha, na pengine Mzee Zakaria na mimi tumekwisha vilevile. Wazazi walikuwa wameshika fimbo zao na wametulia kabisa. Afisa aliwatazama, akawatazama ng'ombe, na nadhani aliiona ile rangi nyeupe ubavuni mwa wachache waliokuwa bado hawajaitwa mnadani. Akafungua kifungo cha shati kwenye kifundo cha mkono, akakunja. Mkono wake ulikuwa mweupe, hauna jua.

Mzee Zakaria alitoa kipande cha chaki. Ng'wasi akakichukua, akamchora Afisa mstari mmoja mrefu, akaurudia kwa kuwa haukuonekana vizuri kwenye ngozi ile. Watoto wakaanza kucheka, na mama zao nao. Kisha akamchora Mzee Zakaria, akanichora mimi, akamchora mwanangwa ambaye alilalamika kwamba mkono wake una kipele. Baada ya hapo watoto walijipanga wenyewe. Tulihesabu katikati ya milio ya ng'ombe, mara mbili, na mara zote mbili wakatosha.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo.

Afisa alisema shule itabaki, nami nikatafsiri, wanawake wakapiga vigelegele. Akainua mkono watulie. "Lakini mwalimu huyu hana cheti," akasema. "Watoto wengi hivi wanastahili mwalimu mwenye cheti. Muhula ujao nitamleta mwingine, na huyu atapumzika."

Lubinza alijua Kiswahili, kwa hiyo alisikia kabla yao. Hakusogea. Alikuwa anaitazama miguu ya watoto wa mstari wa mbele, na uso wake ukawa wa mtu mzee ghafla. Nilimtazama Mzee Zakaria, naye akatazama pembeni. Ikanibidi niyatamke kwa Kisukuma maneno yale, na hakuna kazi ya serikali niliyoichukia kama ile ya dakika moja.

"Anaondoka?" Mzee Shigela akaniuliza.

"Ndiyo, bhabha."

"Mbona hakupakwa?"

Ilikuwa kweli. Katika haraka yote ile Lubinza peke yake alibaki mkono mtupu. Mzee Shigela akachukua chaki kwa mkewe, akaenda akamshika Lubinza mkono kama mtu anayemshika ndama, na hakuchora mstari. Alichora alama iliyopinda mwishoni, na vidoti viwili chini yake. Mimi niliitambua, na kila mtu uwanjani aliitambua, kwa sababu ng'ombe waliokuwa wametuzunguka walikuwa nayo, imechomwa kwa chuma kwenye paja. Ilikuwa chapa ya kaya yake.

"Mwambie hivi," akasema, na hakunitazama mimi, alimtazama Afisa. "Kwenye ng'ombe, tangazo la serikali lilisema mwenye mali ndiye achague yupi atoke, makarani hawakutuuliza. Wewe umekuja kuhesabu hapa, umehesabu. Sisi ndio wenye mali. Huyu hatoki. Ng'ombe mwenye alama hii akipotea mpaka Lingeka, watu humrudisha kwangu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Sikulainisha hata moja, ingawa kazini tulifundishwa kulainisha.

Afisa aliitazama ile alama, akautazama mstari wake mwenyewe.

"Zakaria," akasema taratibu, "huyo mwalimu mwenye cheti, tunaye kweli?"

"Bado tunamtafuta, Bwana."

"Basi huyu akae kwa muda, mpaka apatikane." Akakunjua shati juu ya chaki yake bila kuifuta. Akaingia garini, akachungulia dirishani. "Na hiyo chaki yako, Zakaria, iishie leo."

Nyinyi mnaofanya kazi za ofisini mkae mkijua: hakuna ajira ndefu kama ile ya kwa muda. Mzee Zakaria alimtafuta mwenye cheti kwa uvivu ambao hakuwahi kuuonesha katika jambo lingine lolote, na alipostaafu aliniachia mimi utafutaji huo, nami nikautunza vilevile. Bendera ilibadilika, wakubwa wakabadilika, na Lubinza alikuwa bado anagonga reli yake pale Mwagindu, mwalimu wa kwa muda. Kuhusu kuhesabu, tulianza kuwakalisha watoto kwa kaya zao, na mzazi mmoja wa kila kaya anasimama anawahesabu mwenyewe kwa sauti. Inachukua nusu siku. Hakuna njia bora kuliko hiyo, na siku hizi hakuna anayeitumia.

Lakini jioni ya Alhamisi ile kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Landrova ilipoondoka, wazazi walianza kukusanya mifugo ili warudi makwao. Lubinza akachota maji kwenye ndoo, akachukua koti lake lililotundikwa mlangoni, akakaa kwenye ngazi ya darasa akawaita watoto. Akawafuta mikono mmoja mmoja kwa pindo la koti lililoloweshwa. Hakuharakisha. Alitaka pasiwe na mama hata mmoja atakayemwona mtoto wake mlangoni na alama usiku ule.

Alipomaliza wa mwisho, Mzee Shigela, ambaye Ng'wasi alikuwa amemchora naye kwa utani, alinyoosha mkono wake akafutwa pia. Lubinza akalowesha koti tena na kuanza kuufuta wake mwenyewe. Yule mzee akamzuia.

"Yaya, hapana, Mwalimu," akasema. "Wako uache."